Bonsai ya mtindo wa sprusi Nyanda za Juu Kusini: kuchagua umbo, kufunga waya, na lini uutoe

Kamwene wakuu. Salamu kutoka Mbeya, upande wa Uyole.

Picha nyingi za bonsai, yaani miti inayokuzwa midogo chunguni ionekane mizee, zinazozunguka kwenye simu zetu ni za sprusi: shina limenyooka, matawi yameshuka, majani mafupi ya kijani iliyokolea, mti wa sentimita 50 unaoonekana umeishi miaka mia. Mtu anaipenda, anakwenda kitaluni kuchukua msaipresi, anaufunga waya ili matawi yakae alivyoyapinda, kwa kufuata maelekezo ya Japani au Marekani. Maelekezo yanasema uache waya mwaka mzima. Mvua zikikolea, waya umezama kwenye gome na tawi lina kovu linalozunguka kuanzia shinani hadi nchani. Nimeona miti mizuri ya watu mbalimbali, Iringa hadi Tukuyu, ikiharibika hivyo, na inaniuma kwa sababu aliyeifunga alifanya kila kitu sawasawa isipokuwa kalenda. Kuzungusha waya ni kule kule dunia nzima. Muda ndio tofauti, na kalenda ya huku lazima tuiandike wenyewe.

Kwanza sprusi yenyewe, ili tujue tunaiga nini. Jenasi yake ni Picea, ina spishi takribani 35, na zote asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia: Norwei, Siberia, Kanada, milima ya Japani. Kwenye bonsai inayoheshimika zaidi ni sprusi ya Ezo, Picea jezoensis, kutoka Hokkaido. Saburo Kato (1915–2008) wa Omiya ni mmoja wa walioifanya misitu midogo ya sprusi ya Ezo ijulikane duniani. Omiya ni kile kijiji cha bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 na wenye vitalu waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923. Sindano za sprusi, yaani majani yake membamba, ni fupi na hukaa moja moja kwenye kitawi. Mpaina wetu wa shamba la miti la Sao Hill, Pinus patula, hutoa sindano tatu tatu kwa fungu na huweza kufika sentimita 20. Ndiyo maana simshauri mtu aanze na mpaina, hata kama Mafinga umejaa. Sindano ndefu hivyo zinavunja uwiano wote wa mti mdogo.

Kwa nini matawi ya sprusi yanashuka? Theluji hulala juu yake miezi kadhaa kila mwaka, na tawi likirefuka uzito wake wenyewe unalivuta. Mti mchanga matawi yake hupanda kutafuta mwanga, mzee ya chini hushuka. Huhitaji kwenda Norwei kuliona hilo. Simama chini ya misaipresi mikubwa kwenye viwanja vya misheni za zamani, utazame matawi ya chini yanavyotoka shinani, yanavyoshuka, kisha ncha zake zinavyojiinua kidogo kufuata mwanga. Mstari huo, kushuka halafu kujiinua nchani, ndio tunaoutafuta kwa waya. Anayepinda tawi lote chini hadi ncha anapata tawi linalokufa, maana ncha iliyoelekezwa chini hudhoofika.

Miti ya kufanyia kazi huku ni miwili. Wa kwanza ni msaipresi, Cupressus lusitanica, ambao asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Majani yake ni magamba madogo, unakua haraka, miche imejaa kwenye viriba. Ukisikia ua wa zamani wa saipresi unang'olewa, nenda haraka: miti ya ua iliyokatwa miaka mingi ina mashina manene ambayo huwezi kuyapata kitaluni. Chagua wenye kijani karibu na shina, kwa sababu msaipresi hauchipui kwenye mti mtupu. Tawi lisilo na kijani ni la kukata au la kuachwa kavu kwa makusudi. Sprusi ni afadhali kidogo kwa hilo, ila nayo huchipua vizuri zaidi pale ambapo bado pana sindano.

Wa pili ni mpodo, Podocarpus, mti wa asili wa misitu yetu ya milimani. Unakwenda polepole, unavumilia kivuli, na mvumilivu atapata mti mzuri kuliko msaipresi wowote. Lakini nunua mche. Usichimbe msitu wa Rungwe au Mporoto bila kibali, na Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hapaguswi kabisa.

Kabla ya waya, jicho. Futa udongo wa juu mpaka uone shina linapoachana na mizizi, maana mbele ya mti, yaani upande wa kutazamwa, huamuliwa hapo. Zungusha chungu, tafuta upande ambao mizizi imeshika ardhi vizuri na shina halilali nyuma kukukimbia. Kisha safisha: vitawi vikavu, majani yanayoning'inia chini ya tawi, vichipukizi vya makwapani. Matawi mawili yaliyotoka kimo kimoja, moja kulia moja kushoto, bakiza moja. Sprusi na mipaina hutoa matawi kwa duara sehemu moja ya shina, na ukiyaacha yote pale panavimba na uvimbe hautoki tena. Hapa nawasihi msiwe na haraka. Tawi lililokatwa halirudi, na kazi ya kuchagua ikifanywa vizuri waya unakuwa nusu ya ulivyodhani.

Sasa waya. Kazi yangu ya mchana ni umeme wa majumbani, kwa hiyo hapa naongea kitu ninachokishika kila siku. Miti ya aina hii inahitaji kopa, kwa sababu kopa ikishapindwa inakuwa ngumu na inashikilia. Tumia waya wa uzi mmoja mgumu, si ule wa nyuzi nyingi laini. Menya plastiki yote kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Ukishabaki kopa tupu, iweke kwenye jiko la mkaa jioni, gizagiza, mpaka uone wekundu hafifu, kisha itoe ipoe. Hapo inakuwa laini mkononi, na kila ukiipinda inaanza kukaza. Ndiyo maana usiipindepinde ovyo kabla ya kufika kwenye tawi.

Kanuni ya unene ni theluthi moja ya unene wa tawi. Kumbukeni namba tunazonunulia dukani ni eneo la mkato wa waya, kwa milimita za mraba: ule wa 1.5 una unene wa milimita 1.4 hivi, wa 2.5 una milimita 1.8 hivi. Kwa hiyo 2.5 inatosha tawi la milimita tano. Tawi nene zaidi, pitisha waya mbili sambamba zikigusana. Kwa vitawi vidogo nenda kwa fundi wa kusuka mota, muombe mabaki ya waya zake nyembamba. Nazo zipitishe motoni, ufanyie nje, uiunguze ile rangi ya juu.

Kufunga kwenyewe kunaanza na shina, halafu matawi manene, halafu membamba, kutoka chini kwenda juu. Waya mmoja uhudumie matawi mawili yaliyo jirani, ukipita shinani walau mzunguko mmoja na nusu katikati yake ili tawi moja lisivutwe ukipinda jingine. Mwinamo wa mizunguko uwe nyuzi 45 hivi. Ukiikaribisha sana haina nguvu, ukiitawanya sana tawi linavunjika kati ya mzunguko na mzunguko. Mzunguko upite upande wa nje wa mpindo, pale mti unapotaka kupasuka. Usikandamize majani chini ya waya, yapitie katikati yake kwa subira. Ukimaliza, shika tawi kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa juu ya waya ndani ya mpindo, ulishushe kidogo kidogo tangu pale linapotoka shinani. Tawi linaposhuka vizuri pengo kati yake na shina linakuwa jembamba upande wa chini. Likishuka kuanzia katikati linaonekana limevunjika, hata likiwa zima.

Nina ushauri mmoja zaidi: acha kumwagilia siku moja kabla. Tawi lililoshiba maji linakatika haraka kuliko lililolegea kidogo.

Kwa tawi nene, lizungushie kwanza ukili uliolowekwa, kisha mpira wa tyubu ya baiskeli, halafu waya juu yake. Au usitumie waya kabisa: funga kamba tawini, weka kipande cha mpira chini yake, vuta hadi kwenye chungu, na uongeze mvuto kidogo kila baada ya wiki kadhaa.

Sasa kiini cha uzi huu.

Tawi linakaa ulipoliweka kwa sababu ya tabaka jipya la mti linalojengwa chini ya gome wakati limepinda. Waya unashikilia tu wakati ujenzi huo unaendelea. Tawi lisilokua halikai, hata ulifunge miaka. Tawi linalokua haraka linakaa haraka, na linaumizwa na waya haraka vilevile. Huko kaskazini sprusi hufungwa mwishoni mwa vuli na wakati wa baridi, mti umelala. Mti wa sprusi unanyumbulika sana, haukatiki ovyo, lakini ukiutoa waya mapema tawi linarudi lilikotoka. Tawi lilelile hufungwa tena na tena hadi litulie. Ndiko yanakotoka yale maelekezo ya mwaka mzima.

Msaipresi wa Mbeya haujui theluji. Unapunguza mwendo Juni hadi Agosti kwa baridi na ukavu, unasubiri, halafu mvua za Novemba zikigonga unakimbia hadi Aprili. Kwa hiyo ninavyofanya mimi: nafunga mwishoni mwa Mei na Juni, mti ukiwa unatulia. Julai hadi Oktoba waya unakaa, nikiulinda mti na jua kali na ule upepo mkavu. Mvua ya kwanza ikishanyesha nakagua kila wiki, nikianza na kilele, kwa sababu juu ndiko kunakonenepa kwanza. Waya ukianza kubana tu, hata kama tawi halijakaa, natoa. Desemba mara nyingi juu kumeshabaki wazi, matawi ya chini yanaendelea. Tawi likirudi, nalifunga tena kwa mstari mwingine, si pale pale palipokuwa na waya.

Kutoa, kata waya kipande kipande kwa plaizi ya kukatia. Kuuzungusha kinyume ili uutumie tena ni kuokoa kopa na kuvunja tawi la miaka mitatu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mdau, Mafinga: Mkuu asante kwa darasa. Kopa huku bei imepanda sana. Vipi waya wa kufungia nondo? Upo kila duka la hardware na ni laini.

Mleta uzi: Ni laini, ila ni chuma, unapata kutu mvua za kwanza na kuacha madoa kwenye gome. Kwa kamba za kuvuta chini utumie, hauligusi tawi ukiweka mpira. Kwa kuzungusha, afadhali aluminiamu. Ni laini kuliko kopa, kwa hiyo chukua nene zaidi, lakini haitachafua mti.

Mdau, Mafinga: Sawa kaka. Na hapa kwetu magome ya mipaina ni bure kabisa kwenye mashine za mbao. Yanafaa kwa udongo wa chunguni?

Mleta uzi: Yanafaa sana, ila yaache yaoze kwanza, yachekeche, uondoe vumbi. Yachanganye na yale mawe mepesi ya kusugulia miguu. Hapa tumebarikiwa jamani. Rungwe ililipuka takribani miaka 4,000 iliyopita ikamwaga jiwe hilo eneo kubwa, na wapenda bonsai wa nchi nyingine wananunua jiwe la namna hiyo kwa mfuko. Lina vitundu, linashika maji na hewa kwa pamoja. Liponde liwe punje za milimita tatu hadi sita. Ila usibadilishe udongo na kufunga waya msimu mmoja, mti uchague jeraha moja la kuponya. Na ukija kuotesha mipaina au sprusi, ongeza kiganja cha udongo wa chini ya mipaina mikubwa. Wenye vitalu vya mipaina wanafanya hivyo ili miche ipate kuvu wanaoishi na mizizi. Msaipresi hauhitaji hilo, wenyewe unashirikiana na kuvu wa aina nyingine.

Mdau, Tukuyu: Kaka, kalenda yako ni ya Mbeya mjini na Iringa. Huku Rungwe mvua haina adabu, kiangazi chetu ni kifupi mno. Msaipresi wangu unakua karibu mwaka mzima. Nifunge lini?

Mleta uzi: Ndugu yangu, umesema kweli, na ndiyo maana nilitaka huu uwe uzi wa watu wengi. Tukuyu ningetumia kamba za kuvuta kwa matawi makubwa, maana kamba inagusa sehemu moja tu na unaisogeza, kisha waya kwa vitawi pekee. Panga kukagua mwaka mzima, usisubiri msimu. Faida yenu ni kwamba tawi linakaa mapema kuliko kwetu. Na uinue chungu kutoka ardhini, mizizi isikae kwenye maji.

Mdau, Iringa: Naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Hivi huku si kuutesa mti? Kuufunga, kuukata, kuuweka kwenye sahani.

Mleta uzi: Swali zuri dada, na linastahili jibu. Mti hauwezi kuishi kwenye sahani miaka kumi ukiwa unateseka, unakufa. Bonsai iliyo hai na yenye majani yanayong'aa ni mti unaomwagiliwa, unaolishwa na kukaguliwa kuliko mti wowote wa shambani. Ninachokiona kibaya ni kuufunga mti dhaifu. Mche uliotoka kwenye kiriba juzi, au uliohamishwa mwezi uliopita, haufungwi. Uache ukae mwaka, uone umeshika, ndipo uuguse. Waya ukizama tukauacha kwa uvivu, hapo nitakubaliana na wewe kwamba tumeukosea.

Mdau, Iringa: Nimekuelewa, asante. Basi nina wa kwangu majani ya ndani yanageuka kahawia, na chini yake kuna utelezi mweusi kama masizi. Ni kukosa maji?

Mleta uzi: Tenga mti huo na mingine leo hii. Kahawia peke yake ndani inaweza kuwa majani mazee yanayodondoka, au kivuli cha majani ya juu yaliyosongamana. Lakini utelezi na masizi ni dalili ya vidukari vya saipresi. Walionekana Malawi mwaka 1986 wakasambaa hadi kwetu na Kenya, wakaua mistari mizima ya miti. Wanakaa kwenye vitawi vya ndani, rangi yao ni ya gome, ndiyo maana huwaoni. Fungua majani, waoshe kwa maji ya nguvu na ya sabuni, rudia kila siku chache. Wakizidi, muone bwana shamba kwa dawa. Kwa wenye ndoto ya sprusi, adui wa huko ni utitiri mwekundu wa wakati wa ukavu. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe, ukiona nukta zinatembea umempata. Matawi yaliyofungwa vizuri na kupeana nafasi hayawapi mahali pa kujificha, na hiyo ni sababu nyingine ya kupanga kila tawi lipate mwanga.

Mdau, Njombe: Mkuu, umegusia ndoto ya sprusi. Mimi nataka sprusi yenyewe, mbegu kabisa. Hapa Njombe na Makete barafu inaanguka usiku. Haiwezekani?

Mleta uzi: Kati yetu sote wewe ndiye uliye mahali pa kujaribu, zaidi ukipanda kuelekea Makete. Anza na sprusi ya Norwei, Picea abies, ina uvumilivu. Mbegu ziingizwe kwa utaratibu, zungumza kwanza na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, usizifiche kwenye bahasha. Zichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo, ziweke kwenye friji wiki tatu hadi sita, kisha uzioteshe kwenye kivuli chepesi. Tatizo litakuja baadaye. Chipukizi la sprusi linahitaji baridi ndefu ili lifunguke vizuri, na baridi yetu ni ya usiku, mchana jua linarudi. Iache nje Juni hadi Agosti ipate kila usiku wa baridi uliopo. Zikishafunguka, machipukizi yaliyovimba yang'olewe nusu kwa vidole yakiwa bado laini, si yote siku moja, uanze na yenye nguvu ya juu. Msaipresi nao ni vidole, maana mkasi ukikata majani yake ncha zinageuka kahawia.

Mdau, Njombe: Na huo uliofungwa waya, nao nje kwenye barafu?

Mleta uzi: Huo hapana. Tawi lililopindwa karibuni lina nyufa ndogo chini ya gome ambazo huzioni, na barafu ikiingia hapo tawi lote linakauka Agosti bila wewe kujua sababu. Kwa Njombe na Makete ningesogeza kufunga hadi Agosti mwishoni, barafu ikishapita. Kama umeshafunga, usiku uingize barazani au uufunike kwa kiroba kisichogusa majani, asubuhi uutoe jua likishapanda. Fanya hivyo wiki sita za mwanzo. Na kama umetumia chungu cha Wakisi kutoka Matema, vile vya udongo vinavyochomwa kwa moto wa wazi, nacho kiingize, kinanyonya maji na barafu itakipasua.

Mdau, Njombe: Nina msaipresi wa ua, shina kama mkono wangu, niliupata mwaka jana na umeshika vizuri. Kesho naweka picha za pande zote nne, naomba unisaidie kuchagua mbele kabla sijakata kitu.

Mleta uzi: Weka na picha ya chini kabisa, ukiwa umefuta udongo. Tutaanzia hapo.